Muulize Mjomba: Nani kakwambia kombe la dansi ni la anayecheza vizuri?

Simu ya Mjomba imejaa meseji. Tangu Novemba 2025 yule kijana wa Australia, Robert Irwin, abebe kombe la Dancing with the Stars na mwalimu wake Witney Carson, miaka kumi baada ya dada yake Bindi kulibeba hilohilo, watu wa Kusini mmekuwa majaji wote, mtu yuko Nanyamba anaanika korosho lakini anakwambia nani mabega yalimpanda kwenye tango. Safi sana. Za matusi nimefuta, zilizobaki ndo hizi.

Kwa mgeni wa haya mambo: shoo ni mbili. Ya Uingereza inaitwa Strictly Come Dancing, BBC waliianza 2004, na ya Marekani ndo hiyo Dancing with the Stars, ABC wakaianza 2005. Staa wa mpira, wa sinema, wa siasa, yeyote yule, anapewa mwalimu wa dansi, wanajifua wiki nzima halafu wanapanda jukwaani laivu, majaji wanatoa pointi, watu majumbani wanapiga kura, mmoja anafungasha. Twende.

Mjomba shikamoo. Hapa kwetu tunaangalia kwa jirani mwenye king'amuzi na juzi kidogo tushikane mashati. Kuna mtu anacheza vibaya mpaka unaona aibu wewe, lakini wiki zinapita hatoki, anayejua anatolewa. Kama kura ndo zinaamua, wale majaji wanakaa pale kufanya nini? Na kama majaji ndo wanaamua, kura za nini? — Mwenye hasira, Chikongola, Mtwara

Marahaba mwanangu, kaa kwanza, hili lako ni refu.

Kila jaji anatoa pointi moja mpaka kumi. Uingereza wako majaji wanne, kwa hiyo ukipata zote ni 40, Marekani wakiwa watatu ni 30. Watu wengi wanaishia hapo ndo maana wanagombana. Kule Uingereza hizo pointi hazichanganywi na kura hivihivi, wanaziweka kwanza kwa nafasi. Tuseme wamebaki washiriki kumi: wa kwanza kwa majaji anapewa 10, wa pili 9, mpaka wa mwisho anapewa 1. Kura za watu nazo zinapangwa vilevile, 10 mpaka 1. Halafu wanajumlisha, na wakilingana wawili, aliyependwa na watu ndo anakaa juu.

Sasa chukua kalamu. Huyo wenu mbovu ni wa mwisho kwa majaji, ana 1. Lakini watu wamempenda, wamemfanya wa kwanza, ana 10. Jumla 11. Kuna mwingine anacheza vizuri tu, wa katikati, majaji wamempa 6, watu wamempa 4, jumla 10. Umeona? Yule mzuri wa katikati yuko chini ya yule mbovu, na hamna mtu kaiba kitu hapo. Anayetoka kwenye hizi shoo mara nyingi siyo mbaya kuliko wote, ni yule ambaye hakuna mtu kamchukia wala kampenda, kila mtu anasema huyo atapita tu, basi hakuna anayehangaika kumpigia. Kwa hiyo mkimpenda mtu msijiaminishe, pigeni kelele.

Wawili wa chini kule Uingereza wanacheza tena na hapo majaji ndo wanasema nani abaki. Na hiyo hesabu ya nafasi iliwahi kuwaumbua wenyewe. Mwaka 2008, nusu fainali, walibaki watatu. Rachel Stevens na Lisa Snowdon wakalingana juu kwa majaji, wote wakapewa 3, wa tatu Tom Chambers akapewa 1. Haya, hesabu na wewe. Tom hata angepigiwa kura na Uingereza nzima angepata 3 za watu, jumla 4, na kati ya wale wadada wawili mmoja angekuwa na 5 na mwingine 4. Yaani hata angefanyaje asingetoka kwenye wawili wa chini, huku watu wanaendelea kumpigia kura. BBC waliposhtuka wakawapeleka wote watatu fainali. Na fainali kashinda nani? Tom huyohuyo.

Mwaka huohuo wa 2008 kulikuwa na mwandishi wa habari za siasa, John Sergeant, majaji wanamweka chini kila wiki, watu wanamrudisha juu kila wiki, mpaka mwenyewe akaona utani umezidi na akajitoa, kisa anaogopa asije akashinda kweli. Mimi huyo nampa heshima yake. Mwaka 2010 akaja Ann Widdecombe, mwanasiasa mstaafu, mwalimu wake Anton Du Beke anamburuta sakafuni, watu wanacheka mpaka machozi, wiki baada ya wiki bado yumo. Leo huyo Anton ni jaji, tangu 2021, anatoa pointi kwa uso mkavu kabisa.

Ila lililotibua watu zaidi ni la Marekani mwaka 2018. Bobby Bones, mtangazaji wa redio, majaji hawakumuelewa msimu mzima, na fainali pale walikuwepo wanaocheza kweli kama Milo Manheim, tena kabla ya hapo Juan Pablo Di Pace aliyekuwa anawapagawisha majaji katolewa nusu fainali. Bobby kabeba kombe. Ana redio bwana, wasikilizaji wake wako nchi nzima na wakiamua wameamua. Msimu uliofuata, 2019, wakabadilisha sheria, wawili wa chini wakawa wanasimama mbele ya majaji na majaji wanamwokoa mmoja. Hiyo sheria we ione tu ina jina la Bobby.

Sasa msimamo wangu, maana najua ndo unachotaka. Jaji anafanya kazi ya yule bwana wa ghalani anayepanga korosho daraja, anaangalia punje, hajali mkulima kaamka saa ngapi kupalilia. Mpiga kura anamwangalia mkulima. Mimi niko na mpiga kura, lakini nina sharti moja tu: mkulima awe kapalilia. Bill Bailey alishinda Strictly mwaka 2020 akiwa na miaka 55, mchekeshaji, kitambi chake, nywele zake za mgongoni, mkubwa kuliko mshindi yeyote aliyepita pale, na wiki ya kwanza hakuna aliyemuwekea hata shilingi. Lakini mwangalie wiki ya kwanza halafu mwangalie wiki ya mwisho, miguu siyo ileile! Mwalimu wake alikuwa Oti Mabuse, mtoto wa Pretoria, na mwaka mmoja kabla alikuwa keshambeba Kelvin Fletcher, kwa hiyo kashinda miaka miwili mfululizo, hakuna mwalimu pale aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Yule mimi ningempigia kura mpaka vidole viote sugu. Bobby je? Bobby alianza na furaha nyingi na miguu michache, akamaliza na furaha nyingi na miguu ileile michache. Nampenda kama mtu, kombe hapana.

Kwa hiyo huyo wenu wa Chikongola mnayemgombania, msiulize anacheza vizuri au vibaya, ulizaneni wiki hii kacheza kuliko wiki iliyopita? Kama ndiyo, muacheni. Kama hapana, endeleeni kushikana mashati, ruksa.

Mjomba, ni haki kweli mwanamuziki aliyekuwa anacheza jukwaani maisha yake yote kushindana na mtu wa mpira? — Shabiki wa soka, Masasi

Siyo haki na mimi nakereka kila msimu. Mwaka 2010 Nicole Scherzinger wa Pussycat Dolls kashinda kule Marekani, sasa hapo tulikuwa tunajifunza nini? Mtu keshapika tunamletea sahani. Lakini kuna kitu nimekigundua, watu wa mpira wao wanafika mbali, kwanza wamezoea kufokewa na kocha, pili wamezoea kurudia kitu kimoja mara mia bila kununa. Emmitt Smith, mwanaume wa miraba minne wa mpira wa Kimarekani, kashinda 2006, na Iman Shumpert akawa wa kwanza kutoka NBA kushinda, 2021. Kwa hiyo usiwaonee huruma sana.

Mjomba za leo. Mtoto wa dada yangu anasoma Dar, kila wiki ananitumia matokeo kabla sijaangalia. Anayapata wapi? Nimfanyeje? — Anti yake, Newala

Njema anti. Shoo ya Uingereza ile ya matokeo inaonyeshwa Jumapili lakini inarekodiwa Jumamosi usiku uleule, ukumbi umejaa watu na watu wana midomo, kwa hiyo Jumapili asubuhi jina liko mitandaoni tayari. Ya Marekani wanacheza Jumanne jioni kwao, kwetu ni Jumatano usiku wa manane kuelekea alfajiri, ukiamka kuswali au kuchota maji wenzio wameshalia na kufuta machozi. Huyo mtoto wa dada yako usimnyime hela ya kula, mnyime ya bando.

Shikamoo Mjomba. Mimi na mdogo wangu wa kike tunaziangalia sana klipu za hizi dansi. Yeye hasikii tangu mdogo. Ameniuliza kwa ishara kama yeye anaweza, nikashindwa kumjibu. — Kaka mtu, Nachingwea

Marahaba mwanangu. Mwambie ndiyo, na usimwambie kwa huruma, mwambie kwa ushahidi.

Marekani mwaka 2016 kashinda Nyle DiMarco, kiziwi. Uingereza mwaka 2021 kashinda Rose Ayling-Ellis, mwigizaji, kiziwi wa kwanza kushiriki Strictly na kabeba kombe palepale, mwalimu wake Giovanni Pernice. Na kuna kipande chao mtafute muangalie pamoja: katikati ya dansi muziki unakatika kabisa. Kimya. Wao wanaendelea kucheza, hawayumbi, kwa sababu Rose muda wote hakuwa anategemea spika, alikuwa anahesabu kichwani, anamsoma mwenzake mwili, anahisi mtetemo. Wale wengine wote ukumbini ndo waliobaki hawana cha kushika. Kile kipande kilipata tuzo ya BAFTA mwaka uliofuata, ya tukio la tivii lililopendwa na watazamaji.

Halafu 2024 kashinda Chris McCausland, mchekeshaji, haoni. Mwalimu wake Dianne Buswell ilibidi amfundishe kwa maneno na kwa kushika, mkono uko hapa, bega liko hivi, hatua ni ndefu kiasi hiki, maana huwezi kumwambia mtu asiyeona "fanya kama mimi". Mimi yule bwana alinifanya nitulie kwenye kiti. Kuna pale anaachiwa mkono, anasimama peke yake katikati ya sakafu, giza lake na taa zao, halafu anaokota mdundo anaendelea.

Sasa wewe huku una kitu ambacho hao hawana. Nenda naye kwenye ngoma yenyewe, siyo spika, ngoma ya ngozi. Msogeze karibu na mpigaji, avue viatu, asimame kwenye udongo. Ile ngoma kubwa inapanda kwa nyayo mpaka kifuani, atakwambia mwenyewe inagonga mara ngapi. Mfundishe kuhesabu nane kwa vidole, moja mpaka nane halafu unarudi, dansi nyingi zinakaa humo. Na umsimamie mbele akuone, siyo pembeni. Kama ana rafiki zake wasiosikia waite wote, wawe kundi.

Mjomba, salaam. Mimi nimecheza dansi toka ujana wangu, rumba naijua. Hawa wazungu wakisema sasa ni rumba, nakaa vizuri kwenye kiti, naona watu wanatembea polepole wanaangaliana kwa uchungu kama wamefiwa. Ile ni rumba gani? — Mzee wa dansi, Lindi mjini

Shikamoo mzee wangu. Hapo umenichekesha halafu umenigusa.

Zote mbili asili yake ni Cuba, zimeachana njiani. Yetu ilirudi Afrika na santuri za Cuba kuanzia miaka ya 1930, vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, na Brazzaville wakazisikiliza mpaka zikaisha mistari, wakaweka magitaa yao, wakaweka sebene, na kutoka Kongo ikatufikia sisi na bendi zetu. Desemba 2021 UNESCO wakaiweka rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ile ya kwenye tivii ilipita London kwa walimu wa dansi, wakaipunguza mwendo, wakaipangia kila hatua na jina lake, ikawa ya mashindano. Wanaiita dansi ya mapenzi, ndo maana ya zile nyuso.

Lakini mzee wangu usiidharau, iangalie kwenye goti. Mchezaji akikanyaga anatanguliza sehemu ya mbele ya wayo, kisigino kinashuka baadaye, anahamisha uzito wote, goti linanyooka kabisa, na likishanyooka ndo kiuno kinaenda pembeni chenyewe. Hatembezi kiuno, kiuno kinaletwa na mguu. Na hatua zinaanza kwenye pigo la pili, tatu, nne, pigo la kwanza mguu umetulia kiuno ndo kinamalizia. Ukijua hivyo utaona kwa nini mastaa wengi wanafeli rumba kuliko dansi za mbio, kwenye jaivi unaweza kujificha kwenye fujo, kwenye rumba huna pa kujificha, kila kitu kinaonekana polepole.

Sasa ilinganishe na sindimba yetu. Sindimba magoti yamekunjwa muda wote, mgongo umeinama kidogo, nyayo hazipandi sana, kiuno kinazunguka chenyewe na ngoma, miguu inakifuata. Yaani kinyume kabisa. Jaji wa Strictly akikuona magoti yamekunjwa kwenye rumba anakata pointi palepale, na fundi wa sindimba akikuona magoti yamenyooka anakwambia pisha wenzio wacheze. Wote wako sahihi kwao. Ningependa sana kumuona Craig Revel Horwood, yule jaji mkali anayebana pointi kuliko wenzake, akae Newala siku ya ngoma akiwa na vibao vyake vya namba. Angetoa ngapi? Na bibi zetu wangempa yeye ngapi?

Mzee mwingine wa kumtafuta ni marehemu Len Goodman, jaji mkuu wa Strictly toka mwanzo mpaka 2016 na jaji wa Marekani pia, kuna vipindi anapanda ndege kila wiki London na Los Angeles kuhukumu kote kote. Yule ujanani alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alifariki Aprili 2023 na kombe la Marekani sasa limepewa jina lake. Yeye alikuwa hataki mbwembwe, anataka hatua zenyewe. Mngepatana.

Mjomba, mume wangu akiona mwanamke wa watu kakumbatiwa na yule mwalimu wake anazima tivii, anasema ni uhuni mtupu na mimi nikiangalia najifunza uhuni. Mimi napenda zile nguo na muziki. Nimwambie nini? — Mwenye rimoti isiyokuwa yake, Mikindani

Bibie, simuiti mumeo mshamba, kila mtu na stara yake na nyumba ni yenu wawili. Lakini kuna mambo anayaona siyo.

Ule mkumbatio wa waltzi una sheria zake. Mkono wa kulia wa mwanaume unakaa chini ya bega la mwanamke, mgongoni, haushuki, ukishuka majaji wanasema. Mkono wa kushoto wa mwanamke unakaa juu ya mkono wa mwanaume karibu na bega. Viwiko juu, havilegei. Mwanamke shingo kaipeleka kushoto, hamuangalii hata huyo mwanaume. Mwambie mumeo ajaribu kusimama hivyo dakika mbili, mikono itamuwaka moto, uhuni utamtoka wenyewe.

Hata hivyo sikufichi, hofu yake haikutoka hewani. Magazeti ya Uingereza kila mwaka yanahesabu ndoa zilizovunjika baada ya hizi shoo. Na mwaka 2024 yalikuja malalamiko mazito kuhusu jinsi baadhi ya walimu walivyowatendea mastaa wao kwenye chumba cha mazoezi, ni ukali, siyo mapenzi, na BBC wakaamua mazoezi yote yawe na msimamizi ndani. Mimi nasema walichelewa. Mtu wawili wanafungiwa chumba kimoja saa nyingi kwa siku, wiki kwa wiki, mmoja anajua mwingine hajui, halafu hakuna mkubwa hata mmoja pale? Huku kwetu mwali hafundishwi kucheza bila kungwi wake.

Na la viuno, bibie, sisi wa mkoa huu tutamshtukia nani? Sindimba ilitoka kwenye shughuli zetu ikachukuliwa na Kundi la Taifa la Ngoma miaka ya 1960 ikazungushwa nchi nzima, na watu wa huko wasiojua ilikotoka wakasema maneno hayohayo anayosema mumeo. Mkumbushe kwa upole, akiwa ameshiba. Halafu panga: usiku wa foksitroti na kwikstepu muite mkae wote, nguo ndefu, manyoya, wanakimbia tu ukumbi mzima. Usiku wa rumba mwambie kuna mpira kwenye kibanda umiza.

Mjomba nikipiga kura nikiwa Mtwara inahesabiwa? — Mwenye bando, Shangani

Hapana mwanangu, kura ni za walio kwao huko, hifadhi bando lako. Siyo kama enzi za Big Brother Africa ambapo kura zetu zilihesabiwa, Richard Bezuidenhout kashinda 2007 na Idris Sultan 2014, hapo Mtanzania alikuwa na sababu ya kununua vocha.

Mjomba, vijana wa mtaa tunataka kufanya la kwetu sikukuu ijayo, Lindi. Mastaa tumepata: bodaboda mmoja maarufu, mama muuza pweza wa ufukweni, refa, mwalimu mkuu na diwani. Diwani anasema akishiriki lazima afike fainali. Na kuna wazee wanasema kushindanisha watu kucheza ni mambo ya kizungu. Tusaidie. — Kamati, Lindi

Wazee hao waambieni kwa adabu kwamba babu zao wameshindana kucheza pwani hii kabla tivii haijazaliwa. Beni hawaikumbuki? Marini na Arinoti, vyama viwili, kila kimoja na sare zake, vyeo vyake, gwaride lake, miaka ya 1920 huko mji wa pwani ulikuwa unagawanyika nusu kwa nusu, na vyama vikichinja na kulisha watu ili vionekane zaidi mpaka vinaingia madeni. Mzungu kwenye beni alikuwa anaigizwa, siyo anayefundisha.

Sasa kazi. Kila staa mpeni fundi wa ngoma na muda wa kutosha kujifunza, msiwape siku mbili halafu mkaita shindano, hiyo itakuwa ni kuaibisha watu wazima. Na mchague ngoma ambayo staa haijui, bodaboda kama ni fundi wa singeli msimpe singeli. Mazoezi yafanyike pa wazi au awepo mtu mzima, nimeshasema juu.

Kura msifanye kwa meseji, diwani atanunua vocha za duka zima na nyinyi mnajua. Fanyeni tiketi moja kura moja: mtu akiingia anabaki na kipande, mwisho wa ngoma anakitumbukiza kwenye ndoo yenye picha ya staa wake, ndoo zikae mbele watu wote wanaziona, zihesabiwe palepale. Majaji muwape nusu na watu nusu, na mpange kwa nafasi kama nilivyomweleza yule wa Chikongola, lakini mkubaliane mapema wakilingana inakuwaje, muandike, msije mkapata ya nusu fainali ya 2008 usiku saa tano na watu wamechangamka na uraka.

Diwani akitaka fainali ajifunze. Mwambieni John Sergeant alitaka kutoka, yeye anataka kubaki, tofauti yao ni mazoezi. Zawadi mkikosa hela msijali, mshindi wa Strictly hapewi hata senti ya ushindi, anapewa lile kombe la mpira wa vioo basi, na bado wanalia wakilishika. Ila kwa Lindi ningeongeza gunia la mchele chini ya kombe, mama muuza pweza asije akaona amepoteza siku za biashara bure.

Majaji wawe watatu, mmoja bibi anayejua ngoma kweli, mmoja mtu wa muziki, mmoja mgeni asiyemjua mtu pale. Ndugu wa mshiriki asikae meza ya majaji. Kule Strictly Oti Mabuse alikuwa anafundisha huku dada yake Motsi ni jaji kuanzia 2019, na hata dada mtu akitoa pointi za haki watu bado walikuwa wanahesabu, na ile ni Uingereza, sembuse Lindi. Kwa hiyo mkipanga siku nipigieni nije kuangalia, lakini jina langu mlitoe kwenye ile orodha ya majaji mliyonitumia. Mwalimu mkuu ni shemeji yangu.